Upelelezi Haujakamilika: niliyoyasema siku ya wahitimu wa haki jinai, Sinza

Wale mliokosa kuja Jumamosi, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya foleni ya Ubungo, kwa sababu mlikuwa zamu, hii hapa hotuba yangu nzima kama nilivyoitoa pale ukumbini. Nimeiandika kutoka kwenye simu ya mdogo wangu mmoja aliyenirekodi, pale sauti ilipokatika nimejazia kwa kumbukumbu. Picha zilizokuwa zinapita ukutani nimeziacha, nusu ya muda projekta yenyewe ilikuwa imezima.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo vipi? Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye hajapata yake hapo, habari za mchana.

Namshukuru mshereheshaji kwa namna alivyonitambulisha, nilisikiliza mpaka nikageuka nyuma kuangalia huyo mtu anayesemwa kaingia saa ngapi. Mimi mnanijua. Nilikuwa konstebo, nikaja kusoma hapa jioni nikiwa nimechoka na buti zangu mguuni, nikaendelea mpaka digrii, leo ni wakili na Jumanne na Alhamisi nawafundisha nyie wengine mnaosinzia kule nyuma. Nawaona.

Sasa katibu alinipigia simu wiki mbili zilizopita akaniambia mada ni mafanikio ya wanafunzi na wahitimu wa haki jinai, yaani watu wa polisi, mashtaka, mahakama na magereza. Nikamuuliza, mafanikio yapi? Akasema, ah mkuu, wewe taja majina, taja vyeo, watu wapige makofi, tule pilau. Akanitumia na listi kabisa wasap. Listi nzuri, nimeisoma, ina mahakimu, ina wakuu wa upelelezi, ina mtu yuko ubalozini. Naiheshimu sana. Ila nimekuja kuuvuruga kidogo huo mpango wa katibu, naomba mnivumilie.

Nawauliza. Ni sentensi gani imesemwa kuliko zote kwenye mahakama zetu?

(Ukumbi mzima ukajibu: "Upelelezi haujakamilika!")

Mmeona? Hata yule mtoto aliyekaa na mama yake hapo mbele kajibu, na yuko darasa la tano. Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Karandinga linarudi lilikotoka, wiki mbili zinapita, karandinga linakuja tena, mheshimiwa, upelelezi haujakamilika. Mama wa mshtakiwa kapanda daladala tatu kutoka Chanika kuja kusikia maneno mawili. Na mama wa aliyeibiwa naye kapanda daladala zake, maana na yeye anasubiri, tunamsahau sana huyo wa pili.

Mimi nasema hivi, mafanikio ya watu wa fani yetu pimeni kwa hiyo sentensi. Kila siku ambayo mhitimu wetu amefanya kazi yake mpaka hiyo sentensi ikakosa sababu ya kusemwa, hayo ndo mafanikio. Tatizo ni kwamba hayaonekani. Ya daktari unayaona, mtu alikuwa kitandani sasa anatembea. Ya injinia unayapita kwa gari, daraja la Tanzanite lile pale, taa zinawaka usiku watu wanapiga selfi. Ya kwetu ni kitu ambacho hakikutokea. Nani anapiga makofi kwa ajili ya mtu ambaye hakulala mahabusu? Nani kaposti picha ya jalada ambalo halikupotea?

Lakini ngoja nianze na wakubwa, katibu asije kuninyima pilau.

Mnajua fani ya sheria nchi hii ilianzia wapi kufundishwa chuo kikuu? Sio Mlimani, kilipo leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mjini huku, mtaa tunaouita Lumumba, kwenye jengo la TANU, Oktoba 1961, wanafunzi 14. Kumi na nne! Darasa langu la Jumanne lina watu zaidi ya mia na wanalalamika viti. Kile chuo kilipoanza kilikuwa na kitivo kimoja tu, sheria, nchi yenyewe bado wiki chache kupata uhuru. Akapita pale Julie Manning, mmoja wa wanawake wa kwanza kusoma sheria hapo, miaka ya 70 akawa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu na Waziri wa Sheria. Kaja Eusebia Munuo, mwanamke wa kwanza Mahakama ya Rufani. Willy Mutunga aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya, digrii yake ya kwanza ya sheria ni ya hapa hapa Dar. Hao wote wanajulikana na makofi wameshapigiwa.

Ila kuna mmoja nataka nikae naye kidogo. Jaji Mohamed Chande Othman. Wengi mnamjua kama Jaji Mkuu mstaafu, 2010 mpaka 2017. Kabla ya hapo alikuwa mwendesha mashtaka kule Arusha, ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, akaenda mpaka Timor Mashariki kuongoza mashtaka chini ya Umoja wa Mataifa. Sawa, vyeo. Mimi kinachonivutia ni jalada alilopewa baadaye.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege ilianguka karibu na Ndola, siku hizi ni Zambia. Ndani alikuwemo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, anashughulikia mgogoro wa Kongo. Wakafa. Na hesabuni wenyewe, hiyo ni Septemba, lile darasa la watu 14 linafunguliwa Oktoba ya mwaka huo huo, kwenye mtaa ambao leo una jina la Mkongomani aliyeuawa Januari ya mwaka huo huo. Haya. Miaka inapita, rubani alikosea, hapana walitunguliwa, hapana rubani alikosea, na 2015 Umoja wa Mataifa unamtafuta mtu wa kulifungua lile jalada upya, wanamchukua kijana wa sheria wa Mlimani, sasa mzee. Mashahidi wengine ni wachoma mkaa waliokuwa porini usiku ule, wazee wa Kiafrika ambao tume za mwanzo kabisa hazikutaka hata kuwaamini. Yeye akarudi kwenye ushahidi wao. Akaanza kuyaandikia mataifa makubwa, fungueni kabati zenu, angalieni kumbukumbu za majasusi wenu, leteni. Wengine wakaleta, wengine wakaleta nusu. Na ripoti yake ya 2017 haikusema ndege ilitunguliwa. Ilisema inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa mojawapo ya sababu, na kwamba kuna nchi zinatakiwa zitoe zaidi.

Mnaona alichofanya? Katika watu wote waliowahi kusema upelelezi haujakamilika, huyu ndo mwenye haki ya kuisema. Maana ameonyesha ulipokwama, karatasi gani haipo, na nani kaikalia. Sisi wengine tunaisema kwa sababu jalada liko kwenye droo.

Na nikisema droo, nawaomba radhi, hapa najisema mwenyewe.

Mwaka 2011 niko kituo fulani, sikitaji, na wanaojua nilikuwa wapi nawaomba wanyamaze. Mama mmoja wakala wa pesa za simu kavamiwa jioni anafunga kibanda. Wamempokonya mkoba una milioni moja na laki nane na kidogo. Tukakimbia, tukamkamata kijana mmoja hatua chache tu kutoka pale, mkoba anao, pesa zimo, mama anapiga kelele ni huyo ni huyo. Kesi gani rahisi kama hiyo? Niliona tayari napandishwa cheo.

Narudi kituoni mtunza vielelezo keshaondoka, ana msiba. Nikaweka pesa kwenye droo yangu. Kesho asubuhi nikamkabidhi. Ndo hivyo tu. Sikuiba hata shilingi, namwambia Mungu na nawaambia nyie.

Siku ya ushahidi, wakili wa utetezi, bwana mmoja mpole ana miwani, akanisimamia. Afande, pesa ulizikamata saa ngapi? Saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukazikabidhi lini? Kesho yake saa tatu asubuhi. Hapo katikati zilikuwa wapi? Kwenye droo ya meza yangu. Droo ina funguo ngapi? Nikanyamaza. Afande, hujanijibu, droo ina funguo ngapi? Nikasema haina ufunguo, mheshimiwa. Noti uliandika namba zake? Hapana. Fomu ya makabidhiano iko wapi? Haipo. Yule bwana akavua miwani akaifuta taratibu, akauliza, kwa hiyo afande, hizi noti zilizo mbele ya mahakama zinaweza hata kuwa zangu mimi?

Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe alijikaza.

Sasa nyie mmesoma, mnajua. Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Mahakama ya Rufani ilishasema, kuwe na maandishi yanayofuatana, nani kakamata, nani katunza, kamkabidhi nani, kapima nani, kimeishia wapi. Uamuzi ulishatoka zamani, mimi siujui, nimetoka depo najua kwata kuliko karatasi. Na najua kuna wanasheria hapa wananong'ona kwamba baadaye Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa vikipita mkono hadi mkono. Kweli kabisa. Ila noti ya elfu kumi sio hicho kitu, tulia.

Kijana akaachiwa. Na nje ya mlango yule mama akanishika mkono, hata hakunitukana, ningependa angenitukana, akaniuliza tu, "Afande, kwa hiyo mimi nilijiibia?"

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye foleni ya uhasibu ya chuo hiki nalipa ada kwa awamu. Msiniulize kwa nini nilisoma.

Leo kuna mhitimu wetu, naye ni askari, ni mtunza vielelezo kituo kimoja hapa Dar. Kila bahasha yake ina saini, ina tarehe, ina saa. Saa! Ukimpelekea kitu bila kuandika saa anakurudishia hata kama wewe ni bosi wake, na mabosi wanamchukia kwa hilo. Nimeangalia kwenye listi ya katibu, hayumo.

Haya twende. Nani hapa hajaisoma Waziri Amani anyooshe mkono? Hakuna. Mnadanganya, lakini sawa. Uamuzi wa 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, utambuzi wa mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, usiutegemee mpaka umeondoa kila uwezekano wa kukosea. Alimwona kwa muda gani, umbali gani, mchana au usiku, mwanga wa nini, alimjua kabla? Wanafunzi wote mnaijua kwa wimbo, kwenye madesa iko ukurasa wa kwanza, kwenye mtihani mnaimwaga yote hata swali likiwa halihusiani. Kazini je?

Kuna binti alimaliza hapa, akaajiriwa, akapangiwa upelelezi. Nyumba imevunjwa usiku huko pembeni ya mji, baba wa nyumba kakatwa panga la bega, tv imekwenda. Jirani anasema nimemwona, ni yule kijana wa genge la nyanya, nimemwona vizuri kabisa kwa taa ya duka iliyo mkabala. Jirani mtu mzima, anaswali, hana ugomvi na kijana. Wenzake wakasema kesi imekwisha, peleka. Unyang'anyi wa kutumia silaha, mnajua maana yake, hakuna dhamana, miaka thelathini.

Yeye akaenda pale na futi kamba. Wenzake wanamcheka, dada unapima kiwanja? Akapima kutoka dirisha la jirani mpaka mlango uliovunjwa. Halafu akarudi usiku, saa ile ile ya tukio, akasimama dirishani. Taa ya duka inawaka, anaona sura za watu, kweli kabisa. Angeweza kuishia hapo na ningempa maksi zote. Ila akaenda kwa mwenye duka akanunua soda, wakapiga stori, akauliza tu, kaka hii taa huwa inawaka usiku kucha? Inawaka, labda umeme wa luku uishe. Na usiku ule? Yule bwana akafikiri, akafungua simu, akatafuta meseji. Tokeni ya luku kanunua asubuhi iliyofuata usiku ule, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwa nini? Alipoamka alikuta giza, friji imeyeyuka, maziwa yameharibika, anakumbuka kwa sababu ya maziwa.

Basi binti kaenda mpaka kwa yule jirani, kwa heshima, baba shikamoo, naomba tukumbuke pamoja. Mzee alikuwa hajadanganya. Alimwona mtu mrefu mwenye kofia, na kijana wa genge ni mrefu ana kofia, na taa ya duka anaiona kila siku ya maisha yake, kichwa kikaunganisha chenyewe. Kijana aliachiwa siku hiyo hiyo akarudi kwenye nyanya zake. Wiki iliyofuata ile tv ilikutwa kwa fundi mitaa ya mbali kabisa, ikaleta watu wengine.

Hiyo hukumu haikuandikwa popote. Hakuna kesi, hakuna namba, hakuna jaji aliyemsifu. Kijana mwenyewe mpaka leo anadhani polisi walichoka tu wakamwachia. Nilimuuliza yule binti, umejisikiaje? Akanijibu, mwalimu, nilikuwa nimekunywa soda tatu kwa pesa yangu.

(Makofi hapa yalikuwa mengi, na mtu akapaza sauti alipwe soda zake.)

Alipwe kweli. Niwape na ya mwanafunzi, maana mnasema nasifia walioajiriwa tu.

Mwaka 2014, binti wa mwaka wa pili stashahada, yuko fildi, yaani mafunzo ya kazini, kwenye shirika la msaada wa kisheria, wanaenda magerezani kuongea na mahabusu. Huyu binti alikuwa na sapu, mtihani wa kurudia, ya Sheria ya Ushahidi, iandikwe. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuchosha, kukopi majina na tarehe kutoka kwenye daftari. Kuna kijana kaandikwa miaka 19, kaiba betri ya bajaji. Ana uso wa mtoto. Akamuuliza umezaliwa lini? Sijui. Mama yako anasemaje? Kijana akasema mama anasema mimi nilizaliwa kwenye mvua za El Nino, nyumba ilijaa maji wakanihamishia msikitini.

Wakubwa hapa mnaikumbuka El Nino. Mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Sasa wewe toa hesabu, mwaka 2014 mtu wa El Nino ana miaka mingapi? Kumi na sita! Kumi na tisa imetoka wapi? Imetoka kwa mtu aliyekuwa na haraka akakadiria kwa macho.

Yule binti kachukua namba ya mama, Jumamosi yake, siku ambayo fildi hakuna, kapanda gari mpaka Mbagala ndani kabisa, kashuka kachukua bodaboda, kaulizia. Mama akatoa sanduku, chini ya khanga, chini ya picha za harusi, akatoa kadi ya kliniki imekatika katikati imeshikwa na selotepu. Januari 1998. Kadi ikaenda kwa mawakili wa lile shirika, ikaenda kwa hakimu, mahakama ikachunguza umri, na kijana akahamishiwa Mahakama ya Watoto pale Kisutu, sheria ya mwaka 2009 inasema mtoto ni chini ya miaka 18, haisemi mtoto ni anayefanana na mtoto. Akatoka gerezani kwa watu wazima.

Yuko wapi leo? Sijui. Namuulizia kila mtu, hakuna anayejua. Kwa fani yetu mtu akipotea hivyo, hayupo kwenye daftari lolote la polisi wala la gereza, mimi naamua kufurahi. Na ripoti ya fildi ya yule binti ilipata B, msimamizi kaandika kwa kalamu nyekundu "fupi mno".

Kuna mwanafunzi mwingine hakuwa wetu, hata nchi si yetu, lakini lazima nimtaje kwa sababu tukiongea wanafunzi tunafikiria watu wenye begi na bumu la mkopo. Susan Kigula wa Uganda. Mwaka 2002 alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la mauaji, gereza la Luzira. Yeye na wenzake 417 wakaenda mahakamani, hawakusema sisi ni malaika, walisema sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kuangalia hali ya mtu hiyo inavunja katiba. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikakubali, Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Huku ndani anasoma, kaanza na sekondari, kamaliza, kaingia kusoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa, akiwa bado gerezani. Anawasaidia wenzake kuelewa makaratasi yao. Kesi yake ikasikilizwa upya upande wa adhabu, akapewa miaka 20, akatoka 2016.

Nikiwasimulia hii darasani kuna mmoja huwa ananiuliza, mwalimu, kwa hiyo yule aliyeuawa je? Swali zuri na naliheshimu, kuna familia ilizika. Jibu langu ni kwamba mahakama haikusema hakuna kosa. Ilisema jaji aruhusiwe kumsikiliza mtu kabla ya kuamua afe au aishi. Nani anaweza kuogopa kusikiliza?

Sasa nisiongee kana kwamba kila kitu ni juhudi za mtu na soda zake. Mifumo nayo inasogea. Mashtaka zamani yaliendeshwa na polisi wale wale waliokamata, sheria ya 2008 ya huduma za mashtaka ikaanza kuyatoa mikononi mwao kuyapeleka kwa wanasheria wa serikali, na wahitimu wetu kadhaa wako huko. Mwaka 2017 ikaja sheria ya msaada wa kisheria, wasaidizi wa kisheria wakatambulika rasmi. 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, na mimi niliyewahi kumwona mzee anaitikia kwa kichwa hukumu ya Kiingereza asiyoielewa, nililia kidogo. 2022 sheria ikarekebishwa, hati ya mashtaka isipelekwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, ukiacha yale makosa makubwa. 2023 Rais akaunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, mwenyekiti nani? Yule yule Jaji Chande, yule wa ndege ya Ndola. Ndo tangu hapo neno haki jinai limetoka madarasani likafika mpaka kijiwe cha kahawa.

Lakini niwe mkweli, hiyo ya 2022 haijaiua sentensi yetu. Imeihamisha. Zamani ilisemwa mahakamani mbele ya hakimu na watu wote tunasikia, sasa inasemewa kituoni, njoo uripoti Jumatatu, njoo Ijumaa, njoo Jumatatu. Haina karandinga, haina karani wa kuiandika. Na kituoni pale anayeisema ni nani? Ni huyu mliyekaa naye meza moja leo. Nyie ndo mnasema, mdogo wangu, sio serikali, wewe.

Kuhusu ajira sitaongea sana maana tutalia wote. Najua kuna watu humu wamemaliza miaka minne iliyopita wanafungua ule mfumo wa ajira kila asubuhi kama wanavyofungua dirisha. Nisichotaka ni mtu kuniambia kwamba hana mafanikio kwa sababu hana barua ya ajira. Yule dada wa stesheneri hapo Mawasiliano anayewaandikia watu viapo na barua za kuomba dhamana ya mtu wao, kwa lugha sahihi, kwa elfu mbili, amesoma wapi? Amesoma hapa. Hakimu mmoja aliniambia, barua zikitoka kwa yule tunazisoma mara moja tu.

Nimeona wapishi wamenipungia mkono mara mbili, naheshimu pilau. Jambo la mwisho ni la kazi kabisa. Tuna wanafunzi wanaotakiwa kwenda fildi Julai na hawana pa kwenda. Wahitimu mlioko vituoni, mahakamani, ofisi za mawakili, mashirika, magereza, ustawi wa jamii, natafuta kila mmoja achukue mmoja. Usimpe kazi ya kuchemsha chai. Mpe daftari akopi majina, mpe na futi kamba.

Daftari la kujiandikisha liko pale mlangoni kwa mtunza vielelezo wetu, ndiyo, amekuja, ndo yule aliyevaa kitenge cha bluu. Andika jina, unapofanya kazi, namba ya simu, saini na tarehe. Na saa. Usipoandika saa atakurudisha kwenye foleni, mimi sitakutetea.